Hiyo flashi unayoita ushamba ilipiganiwa

Nairobi kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Simu yako ikilia, sawa. Ikitetemeka, sawa. Lakini flashi ya nyuma ikianza kuwaka na kuzima, umeisha. Kwa mathree watu wanageuka. Beshte yako anakuuliza kama umenunua simu ama ambulensi. Na lazima kuna mmoja atasema, "Buda, toa hiyo ushamba kwa setingi."

Nimesikia hiyo utani mara nyingi mpaka nikataka kujua: hiyo taa ilitoka wapi? Nani aliamka asubuhi akasema simu inafaa kuita kwa mwanga? Na kwa nini iko ndani ya simu nyingi zinazouzwa leo, kutoka ya elfu kumi na kitu mpaka ya laki mbili, na wengi wenu hamjawahi kuifungua?

Nawapa jibu mapema ndio msingoje mwisho. Hiyo taa ni ya viziwi. Simu iliwafungia nje karibu miaka tisini, na walioingia kwanza walivunja mlango wenyewe. Kuna kitu kingine nimegundua nikisoma hii historia. Kila wakati kampuni iliweka taa kwa simu kama urembo, taa ilikufa fasheni ikipita. Ile ambayo imebaki ni ile ya watu ambao bila mwanga simu haina maana kwao. Kaa hapo nikueleze.

Mwalimu wa viziwi na mashine ya masikio

Alexander Graham Bell mnamjua kama jamaa aliyepata hataza ya simu, tarehe 7 Machi 1876. Chenye shule haikutuambia ni kazi yake ilikuwa gani. Bell alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake, Eliza, alikuwa na shida kubwa ya kusikia. Mabel Hubbard, aliyemuoa mwaka 1877, alikuwa kiziwi tangu utotoni baada ya kuugua, na kabla ya ndoa alikuwa mwanafunzi wake.

Sasa fikiria. Mtu amezungukwa na viziwi nyumbani na kazini, halafu anatengeneza mashine ambayo mke wake mwenyewe hawezi kuitumia. Kila kitu kwa simu ya zamani kilipitia sikio. Unajua umepigiwa kwa kengele. Unajua laini iko sawa kwa mlio. Unajua mtu yuko bize kwa mlio mwingine. Halafu mazungumzo yenyewe ni sauti. Ukikosa sikio, umekosa mashine yote.

Kuna mwaka mmoja unanisumbua sana hapa: 1880. Mwaka huo Bell na msaidizi wake, Charles Sumner Tainter, walituma sauti ya mtu kwa kutumia mwanga wa jua. Si mchezo. Walikuwa na kioo chembamba kinachotikiswa na sauti, mwanga unakipiga na kuruka hadi upande wa pili, mbali kama mita 200, halafu unageuzwa tena kuwa sauti. Kifaa chenyewe kiliitwa photophone, na Bell alikihesabu kuwa uvumbuzi wake mkubwa zaidi, kuliko hata simu. Yaani mwanga ulikuwa mkononi mwake tayari. Lakini mwisho wa safari aliupeleka kwa sikio.

Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa walikutana mjini Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wakapiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kuongea na kusoma midomo, na lugha ya ishara iwekwe kando. Bell hakupiga kura pale, lakini alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa msimamo huo. Kura hiyo ilitoa lugha ya ishara kwa madarasa mengi duniani kwa vizazi. Kongamano hilohilo la kimataifa lilikuja kukataa maazimio hayo na kusema linajuta mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada. Hesabu mwenyewe. Miaka 130.

Nimeweka hiyo hapa kwa sababu moja. Ukiona taa kwa simu, ni rahisi kufikiria ni kampuni fulani yenye roho safi iliamua kusaidia. Historia haisemi hivyo. Watu waliokuwa na nguvu ya kuamua walitaka kiziwi abadilike ndio aingie kwa mashine. Kubadilisha mashine ilibidi viziwi wafanye wenyewe.

Majamaa watatu na mashine zilizotupwa

Baada ya 1876, miaka ikapita. Simu ikaingia ofisini, hospitalini, nyumbani. Kiziwi akitaka kumpigia daktari, anaenda kwa jirani anayesikia amwombe ampigie. Mambo yako yote ya siri yanapitia mdomo wa mtu mwingine. Unataka kazi? Jirani. Mpenzi wako ako mji mwingine? Jirani pia, pole.

Halafu mwaka 1964, kule California, viziwi watatu wakasema imetosha. Robert Weitbrecht alikuwa mwanafizikia, kiziwi, na tangu ujanani alikuwa anacheza na redio za kutuma maandishi. James Marsters alikuwa daktari wa kupanga meno, kiziwi pia. Wa tatu, Andrew Saks, alikuwa mfanyabiashara mwenye ujuzi wa umeme, naye kiziwi.

Walichukua mashine za teletaipu, zile za zamani ambazo kampuni za simu na telegrafu zilitumia kutuma maandishi. Manze, hizi mashine zilikuwa kubwa. Zilitaka wanaume kadhaa kubeba, na zikifanya kazi zilipiga kelele kama karakana, ambayo ukifikiria haikuwa shida kwa wenyewe. Weitbrecht akatengeneza kifaa cha katikati: unalaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira, unachapa herufi, kifaa kinageuza herufi kuwa milio, milio inapita kwa laini ya kawaida, na upande wa pili kifaa kama hicho kinairudisha kuwa herufi. Mwezi wa Mei mwaka huo, yeye na Marsters wakazungumza kwa maandishi kati ya Redwood City na Pasadena, zaidi ya kilomita 500. Ni kuchati, wasee. Mwaka 1964.

Lakini kuna swali ambalo mtu anayesikia anaweza kuliruka: kiziwi anajuaje kwamba amepigiwa?

Hapo ndipo taa inaingia. Ule umeme unaokuja kwa laini kupiga kengele ukaunganishwa na kifaa cha kuwasha balbu. Simu ikiita, taa ya mezani inawaka, inazima, inawaka, inazima, kwa mdundo uleule wa kengele. Ukiwa jikoni unataka kujua, unaweka nyingine jikoni. Na kwenye kile kifaa cha maandishi chenyewe kulikuwa na taa ndogo ya kusoma hali ya laini. Ikimeta polepole, simu inaita upande wa pili. Ikimeta haraka haraka, mtu ako bize. Viziwi walijifunza kusoma simu kwa macho.

Flashi yako ikiwaka na kuzima mtu akikupigia leo, ni wazo hilohilo la kengele ya macho, ila limehamia mfukoni.

Vita havikuisha hapo. AT&T, kampuni iliyoshika sehemu kubwa ya simu za Marekani, ilikuwa na sheria kwamba huwezi kuunganisha kifaa chako kwenye mtandao wake. Mwaka 1968 serikali ya kule, katika kesi ya kifaa kingine kilichoitwa Carterfone, ikasema marufuku hiyo haifai. Mwaka huohuo likaanzishwa shirika la kukusanya teletaipu zilizostaafishwa, kuzitengeneza na kuzigawia viziwi. Yaani mtandao wao wa kwanza ulijengwa kwa vitu vya kutupwa. Mtu yeyote amewahi kununua simu ya mtumba Luthuli anaelewa.

Halafu Machi 1988, Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi mjini Washington, kikaletewa rais anayesikia, tena kwa mara nyingine. Chuo kilikuwa na zaidi ya miaka 120 na hakijawahi kuongozwa na kiziwi. Wanafunzi wakafunga geti. Wiki moja tu, wakapata walichotaka: I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi. Miaka miwili baadaye, Julai 1990, Marekani ikapitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na ndani yake kampuni za simu zikalazimishwa kutoa huduma ya kuwaunganisha viziwi na wanaosikia. Mwaka 1996 sheria nyingine ikawabana watengenezaji wa simu wenyewe. Mwaka 2010, nyingine tena, safari hii ya enzi ya intaneti.

Hizo tarehe mziweke mahali. Zitarudi.

Na sisi huku?

Kenya ilianza kuwa na shule za viziwi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nyang'oma na Mumias, zikianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki. Yaani wakati Weitbrecht anachapa herufi California, watoto wa kwanza wa hizo shule walikuwa bado wadogo. Simu za mezani zenyewe zilikuwa za wenye nazo. Hata kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nchi nzima ya watu karibu milioni 30 ilikuwa na laini kama laki tatu tu. Mkenya wa kawaida hakuwa na simu, awe anasikia au hasikii. Mashine kubwa za maandishi za Marekani hazikuwa na pa kuchomekwa hapa.

Tuliruka hiyo hatua yote. Tukaangukia simu ya mkononi.

Ujumbe wa kwanza wa esemesi duniani ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi anaitwa Neil Papworth alichapa salamu za Krismasi kwa kompyuta, na simu iliyopokea haikuweza hata kujibu. Hakuna mtu alikuwa anafikiria viziwi. Lakini Safaricom na KenCell walipoanza kushindania wateja hapa Kenya kuanzia mwaka 2000, esemesi ilikuja ndani ya simu kwa kila mtu. Kwa anayesikia, ilikuwa njia ya kuokoa kredo. Kwa kiziwi wa Kenya, mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa simu ya kwanza maishani. Halafu M-Pesa ikaja Machi 2007. Unatuma pesa, ujumbe unaingia, na hakuna mtu amefungua mdomo. Tunapenda kusifu M-Pesa kwa mambo mengi. Hilo pia liwekwe kwenye orodha.

Ila swali la 1964 lilibaki palepale. Ujumbe umeingia, nani amekuambia? Mtetemo unasaidia simu ikiwa mwilini. Ukiiweka juu ya meza ya jikoni, ama ukilala nayo ikiwa kwa stuli, mtetemo ni wa meza.

Enzi ya taa za urembo

Sasa muulize mtu aliyezaliwa miaka ya themanini kuhusu zile stika za kung'aa. Kulikuwa na stika ndogo unabandika nyuma ya simu, na antena za kubadilisha, zenye vitaa ndani. Mtu akikupigia, vitaa vinawaka rangi zote. Kichekesho ni kwamba stika haikuwa na betri. Ilikula mawimbi ya simu yenyewe. Simu za zile siku, za GSM, zilikuwa zinatoa nguvu nyingi, mpaka wati 2, zikiongea na mnara, na stika inaokota kidogo ya hiyo nguvu inawasha taa. Ndio maana iliwaka sekunde moja kabla simu ilie: simu ilikuwa inajibu mnara kwanza. Ni kitu kilekile kilichofanya redio ya mezani ilie tt-tt-tt, tt-tt-tt kabla ya kupigiwa. Simu za 3G zikaja na nguvu ndogo ya kutuma, stika zikafa.

Wakati huohuo sisi tulikuwa na neno letu. Kuflashi. Huna kredo, unampigia mtu, inaita mara moja, unakata. "Niflashi nikupigie." Ukifikiria, huo ni ujumbe mzima bila sauti hata moja. Jina linaonekana kwa skrini, maana mlishapatana. Mara moja ni "nimefika," mara mbili ni "toka nje." Nchi nzima ya watu wanaosikia ilikuwa inatumia simu vile kiziwi angeitumia, kwa sababu ya umaskini wa kredo. Na hatukuona ushamba wowote hapo.

Mwaka 2003 Nokia wakatoa 1100 yenye tochi, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Sisi simu za aina hiyo tukaziita mulika mwizi. Mwaka 2004 wakatoa 3220 yenye taa pembeni zinazocheza. BlackBerry walikuwa na ile taa nyekundu ya kumeta ambayo wakubwa wa ofisi waliikodolea macho kama mtu anangoja matokeo ya KCSE. Mwaka 2010 Google wakatoa Nexus One, ambayo kitufe chake cha duara kilibadilisha rangi kulingana na arifa. Kwa miaka kadhaa karibu kila Android ilikuwa na kitaa kidogo juu ya skrini. Kijani WhatsApp, bluu Facebook, nyekundu betri inakufa. Kiziwi mwenye Android ya bei ya kawaida alikuwa na kitu cha kutegemea bila kuomba mtu.

Halafu skrini zikaanza kumeza uso wote wa simu. Kuanzia 2017 hivi kila kampuni ilitaka kioo kifike ukingoni. Kitaa kikakosa mahali. Samsung Galaxy S9 ya 2018 ilikuwa nacho, S10 ya 2019 haikuwa nacho. Wengine wakafuata au walishatangulia. Hakukuwa na mkutano wa kuomboleza. Kilikuwa urembo, na urembo hauna mtu wa kuushtakia. Hata ile Nothing Phone ya 2022, yenye taa nyeupe mgongo mzima, iliuzwa kama mtindo. Ni safi, naipenda. Lakini ukiniuliza kama zitakuwepo miaka kumi ijayo, siweki pesa yangu hapo.

Iliyobaki

Rudisha zile tarehe sasa. Oktoba 2010 Marekani inapitisha sheria ya mawasiliano ya watu wenye ulemavu. Oktoba 2011 Apple wanatoa iOS 5, na ndani yake kuna chaguo la kufanya flashi ya kamera iwake ukipigiwa au ukitumiwa ujumbe. Haikuwekwa upande wa mapambo. Iliwekwa kwa setingi za watu wenye ulemavu. Samsung nao wakawa na ya kwao. Mwaka 2015 Uber wakaweka ombi la safari limete kwa skrini kwa madereva viziwi, juu ya kuongeza mlio. Mwaka 2020 simu zikaanza kusikia kwa niaba ya mtu: mtoto akilia, kengele ya moto ikipiga, mlango ukibishwa, simu inatambua na kuonyesha. Na Oktoba 2023 Android 14 ikaja na arifa za flashi ndani ya mfumo wenyewe, ya kamera au ya skrini nzima yenye rangi unayochagua.

Angalia vizuri. Kitaa cha urembo kimetolewa, flashi ya viziwi imebaki, na imeongezewa kazi. Simu zimebadilisha umbo mara ngapi tangu 2011? Hiyo setingi haijang'oka, kwa sababu ina wenyewe. Kuna watu watauliza, kuna sheria itauliza, na kuna historia nyuma yake ya miaka mingi ya kuuliza.

Kama unataka kuiwasha, ni kazi ya nusu dakika. Kwa iPhone ingia Settings, halafu Accessibility, halafu Audio & Visual, uwashe ile yenye maneno Flash for Alerts. Kuna chaguo la kuifanya iwake hata simu ikiwa imenyamazishwa. Kwa Samsung ingia Settings, Accessibility, Advanced settings, halafu Flash notification. Kwa Android 14 kwenda juu, nyingi ziko ndani ya Accessibility kwa jina Flash notifications. Tecno, Infinix na Xiaomi hubadilisha majina kulingana na toleo, kwa hivyo andika tu "flash" kwa kile kisanduku cha kutafuta juu ya setingi. Na flashi ya kamera iko nyuma, kwa hivyo ilaze simu kifudifudi, la sivyo inamulikia meza.

Tahadhari moja ya ukweli. Kuna watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumeta. Kanuni za kimataifa za tovuti zinasema kitu kisimete zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Ukikaa na mtu ambaye mwanga unamdhuru, akikuomba uzime, zima. Huyo hakuchekei.

Ambapo bado tumelala

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa karatasi tuko mbele ya nchi nyingi.

Sasa toka nje ya karatasi. Umeagiza chakula, jamaa wa nduthi anapiga, hupokei kwa sababu husikii, anapiga tena, anaondoka. Taa iliwaka vizuri kabisa. Uliiona. Lakini upande wa pili kuna mtu anayejua njia moja tu ya kuwasiliana. Umeomba kazi, wanakupigia badala ya kuandika, ukikosa kupokea wanaenda kwa jina linalofuata. Laini imefungwa, unaambiwa "piga huduma kwa wateja." Kiziwi apige na nini?

Hapo ndipo naona bado tuko kwa jirani wa miaka ya hamsini. Taa inakuambia mtu anakutafuta. Haiwezi kumlazimisha huyo mtu aandike.

Na usijiweke mbali sana na hii stori. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba kufikia 2050 watu karibu bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na vijana wanaosikiliza muziki kwa sauti ya juu wako kwa hatari. Nani amewahi kushuka kwa ile mathree ya muziki masikio yakilia mpaka amefika kejani? Mko wengi. Mkono juu.

Kwa hivyo ombi langu ni fupi. Ukiona simu ya mtu inawaka kwa mathree, nyamaza na uendelee na safari, hujui inawakia nani. Ukimpigia mtu mara mbili hapokei, andika ujumbe kabla ya kumkasirikia. Kama una biashara hata ya mitumba ya mtandaoni, weka namba ya kuandikiwa na uijibu. Kama unatengeneza video kama mimi, weka maandishi chini, na uyasome kabla ya kuposti, juu yale ya mashine hayajui Sheng hata kidogo. Na usimwite mtu bubu. Ni kiziwi, ana lugha, na lugha yake iko kwa Katiba.

Leo usiku, kabla ya kulala, fungua hiyo setingi uione. Si lazima uiwashe. Halafu ukikutana na mtu anaiita ushamba, mweleze kuhusu daktari wa meno na mwanafizikia waliotengeneza simu yao kwa mashine zilizotupwa, kwa sababu ile ya kila mtu haikuwa yao.